Kuzalisha panda wakubwa vizimbani: ugumu uko wapi, na tukomee wapi?

Msitu Mnene (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za leo.

Naomba tulijadili hili kwa undani. Mtoto wa kwanza wa panda mkubwa kuzaliwa kizimbani alizaliwa kwenye bustani ya wanyama ya Beijing Septemba 1963, na wa kwanza kupatikana kwa uhimilishaji (mbegu za dume kuingizwa na mtu kwa mrija) akazaliwa hapohapo mwaka 1978. Miaka mingi baada ya hapo vitoto viliendelea kuwa vichache, na vingi vilikufa vingali uchi, havijaota hata manyoya. Leo panda wa vizimbani wamepita 700, wengi wao wakiwa Sichuan, kwenye kituo cha Chengdu na kile cha Wolong chenye matawi yake ya Ya'an na Dujiangyan. Maana yake kuna kitu kimeeleweka. Nataka kujua ni kitu gani hasa, na mnyama mwenyewe amelipa nini.

Jike huingia kwenye joto mara moja tu kwa mwaka. Saa yenyewe inajulikanaje? Kwa nini uhimilishaji, ambao kwa ng'ombe ni kazi ya kila siku, kwa panda bado unasumbua? Mapacha wanalelewaje ikiwa mama hubeba mmoja? Na la mwisho ndilo linaloninyima raha: kama lengo ni msitu, mbona wanaorudi msituni ni wachache hivi? Ni haki kumlaza mnyama nusukaputi mwaka baada ya mwaka, na kumwondolea mtoto wa miezi minne au mitano ili azae tena?

Naomba majibu yenye vipimo na sababu. Picha za vitoto tumeziona za kutosha.

---

Mhimilishaji

Mkuu Msitu Mnene, nianze na saa, kwa sababu hapo ndipo kazi nzima inapofia.

Waliozoea ng'ombe wa maziwa wanaijua kanuni: akionekana kwenye joto asubuhi anapandishwa jioni, akionekana jioni anapandishwa kesho yake asubuhi, na ikishindikana atarudi baada ya siku 21. Panda harudi. Joto lake huja kati ya Februari na Mei, na muda wa kushika mimba ni saa 24 hadi 72 basi. Ukikosea siku hizo mbili tatu, unasubiri mwaka mzima.

Dalili za macho huanza wiki moja hadi mbili kabla. Jike hupunguza kula mianzi, hatulii, husugua tezi ya chini ya mkia kwenye kuta na magogo, huingia majini kuliko kawaida yake, na uke huvimba na kuwa mwekundu. Sauti nayo hubadilika: mlio mfupi mwembamba kama wa ndege, mwingine kama wa mbuzi. Mwishoni kabisa huenda kinyumenyume kuelekea wavu wa dume, mkia juu. Dalili hizi zinakuambia kwamba wiki yenyewe imefika. Saa hazikuambii. Saa utaipata kwenye mkojo.

Mkojo hukusanywa kila siku, na siku zikikaribia hukusanywa mara kadhaa kwa siku. Mtunzaji huufyonza sakafuni kwa bomba la sindano lisilo na sindano mara tu mnyama anapohamishiwa banda la pili. Sakafu ikiwa na maji ya kuoshea, mkojo unazimuliwa, ndiyo maana maabara hupima na kreatinini, taka ya mwili inayoonyesha mkojo ni mzito kiasi gani: kiwango cha estrojeni, homoni ya joto, hugawanywa kwa kreatinini ili mkojo mwepesi na mzito vilinganishwe. Estrojeni hupanda polepole, hufika kileleni, kisha huporomoka ghafla. Poromoko hilo ndilo linaloashiria yai. Shida ni kwamba kilele hukijui mpaka kimekwisha kupita, kwa hiyo maabara inayotoa majibu kesho yake imeshakula sehemu kubwa ya muda wako. Kituo kisicho na kipimo palepale kinafanya kazi kwa kubahatisha. Vituo vingi huongeza kipimo cha seli za uke: ute hupakwa kwenye kioo na kutiwa rangi, na seli kavu bapa zikitawala, yai liko karibu.

Sasa dume. Porini madume kadhaa humfuata jike mmoja, hupigana, na jike anaweza kupandwa na zaidi ya mmoja. Kizimbani tunamletea mmoja tuliyemchagua kwenye karatasi, halafu tunashangaa akimkataa. Utaratibu mzuri ni kuwabadilishia mabanda kwanza ili kila mmoja anuse alama za mwenzake, kisha wakutane kwenye wavu kwa siku kadhaa, na mlango ufunguliwe pale tu wote wawili wanapolia milio ya kukaribishana. Jike akinguruma au kubweka, usifungue. Watu wasimame tayari na mabomba ya maji, maana panda ni dubu, na taya zinazopasua mianzi zinaweza kuvunja mguu. Madume waliolelewa peke yao mara nyingi hawajui hata kujiweka nyuma ya jike, na wengine humshambulia. Ile habari ya Chiang Mai, Thailand, ya kuwaonyesha panda video za wenzao wakipandana ilienea dunia nzima. Watu hawakuambiwa kwamba mtoto aliyezaliwa huko Mei 2009, Lin Ping, alitokana na uhimilishaji.

Uhimilishaji wenyewe uko hivi. Dume hafungui kinywa kwa chakula kabla ya kazi, hulazwa nusukaputi, kisha kifaa chenye vituo vya umeme huingizwa kwenye njia ya haja kubwa na mbegu hutolewa kwa mishtuko midogo inayopandishwa hatua kwa hatua. Shahawa ni mililita chache lakini zimejaa mbegu, na mbegu za panda huvumilia baridi kuliko za wanyama wengi wa pori. Huhifadhiwa kwenye mirija ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kinachoziharibu mara kwa mara ni mkojo kuchanganyika nazo wakati wa kutolewa: kwenye hadubini unaziona zikiacha kuogelea moja baada ya nyingine. Jike naye hulazwa, mrija mwembamba hupitishwa kwenye mlango wa kizazi, na kazi hurudiwa kesho yake kwa sababu saa ya yai bado ni ya kukisia.

Mbegu zilizogandishwa peke yake zinaweza kuzaa. Xiao Qi Ji wa Washington, aliyezaliwa tarehe 21 Agosti 2020, alipatikana hivyo, na mama yake Mei Xiang alikuwa na miaka 22. Lakini kumbukumbu za vituo vya China zinaonyesha wazi kuwa jike aliyepandwa na dume huzaa mara nyingi zaidi kuliko aliyehimilishwa tu. Kwa maoni yangu uhimilishaji una kazi moja inayokubalika: kuokoa nasaba ya mnyama ambaye hawezi kupanda, au yuko mbali, au amekufa akaacha mirija. Kuutumia ili idadi ipande ni kumchosha mnyama kwa njia iliyo dhaifu kuliko ile aliyozaliwa nayo.

---

Msitu Mnene

Ahsante sana Mhimilishaji, hilo la kreatinini sikulijua. Baada ya hapo mimba inajulikanaje? Mwaka 2014 kulikuwa na habari ya panda wa Chengdu, Ai Hin, kwamba "alidanganya" ana mimba ili apewe chakula kizuri na chumba chenye kiyoyozi. Kweli mnyama anaweza?

---

Mlezi wa Usiku

Hadanganyi, ndugu yangu. Tumwondolee mnyama yule lawama hiyo.

Yai likisharutubishwa, kiinitete huelea kwenye mji wa mimba wiki nyingi bila kujipachika. Ndiyo sababu tangu kupandwa hadi kuzaa jike mmoja huchukua miezi mitatu na mwingine mitano, na hata jike yuleyule hafanani mwaka huu na ujao. Projesteroni, homoni ya mimba, kwenye mkojo hupanda kidogo baada ya yai kutoka, hukaa hapo, kisha hupanda mara ya pili kwa nguvu. Kutoka mpando huo wa pili unahesabu siku 40 hadi 50. Sasa jike asiye na mimba naye homoni zake hupita njia hiyohiyo hatua kwa hatua, na mwili humfuata: hulala sana, hukataa mianzi, hukusanya matawi ya kutandika, hukumbatia kipande cha tunda kama mtoto. Hiyo ndiyo mimba bandia, na Ai Hin alikuwa nayo. Projesteroni ikishuka hadi chini, ama kitoto kitatoka, ama kila kitu kitakwisha kimyakimya.

Kuna vipimo vinavyosaidia kutenganisha. Kimojawapo ni cha protini ya seruloplasmini kwenye mkojo, ambayo utendaji wake hupanda mapema kwa mwenye mimba. Kingine hufuata mabaki ya prostaglandini, ambayo kilele chake huonyesha siku zimekaribia. Picha ya altrasaundi ndiyo yenye uhakika zaidi, lakini kijusi huonekana katika wiki mbili tatu za mwisho tu, kabla ya hapo ni kidogo mno. Jike hufundishwa kulala chali karibu na wavu na kukubali jeli tumboni kwa malipo ya tofaa au asali, bila dawa yoyote ya usingizi. Mafunzo hayo yaanze miezi mingi kabla. Ukianza Julai umechelewa. Na hata moyo ukionekana unapiga, mwili unaweza kukifyonza kijusi. Edinburgh walitangaza matumaini kwa Tian Tian mwaka 2013 na tena 2014, na mara zote mbili hakuzaa.

Kitoto huzaliwa na gramu 100 hivi, uzito wa kitunguu cha wastani, sehemu moja kwa 900 ya uzito wa mama. Hakioni, hakina manyoya, hakiwezi kujitunzia joto, na hakikojoi wala kupata choo mpaka kilambwe. Macho hufunguka baada ya wiki sita hadi nane. Siku za kwanza mama hakiweki chini hata dakika chache, na anaweza kukaa siku kadhaa bila kula. Hapo mtunzaji aliye bora ni yule anayekaa kimya nyuma ya kamera.

Karibu nusu ya uzazi wa vizimbani huwa wa mapacha. Mama huchagua mmoja, na wa pili humwacha sakafuni. Si ukatili. Mianzi haina nguvu ya kutosha kutoa maziwa ya wawili, na mikono yake miwili inamtosha mmoja. Zamani kitoto cha pili kilikuwa cha kufa. Kilichobadilisha hali, Chengdu miaka ya 1990, ni kuwazungusha: kimoja kinakuwa kwa mama, kingine kwenye inkubeta, kisha wanabadilishwa kila baada ya saa chache ili wote wanyonye. Mtunzaji anayemjua mama humpa bakuli la maji ya asali, na anapoinamisha kichwa, mkono wa pili unachukua kitoto. Kinachorudishwa kipanguswe kwanza kwa kitambaa chenye harufu ya mama.

Jambo ambalo watu hulipuuza ni dang'a. Maziwa ya kwanza ya panda ni ya kijani hafifu, na hayageuki kuwa maziwa ya kawaida kwa siku mbili tatu kama ya ng'ombe, huchukua karibu mwezi. Kwa hiyo kitoto kinachonyweshwa chupa tangu siku ya kwanza kimekosa kinga ya mwezi mzima. Maziwa ya unga ya binadamu yakichanganywa na yale ya watoto wa mbwa yanaweza kukiweka hai, lakini kinga hayana. Inkubeta huanza karibu na nyuzi 36 na kushushwa kidogokidogo kadiri manyoya yanavyoota, na unyevu uwepo, la sivyo ngozi inakauka na kupasuka. Baada ya kila kunyonya kitoto kisuguliwe chini ya tumbo kwa pamba yenye uvuguvugu mpaka kikojoe.

Yanayoua zaidi ni maziwa kuingia mapafuni, baridi, maambukizi, na mama kukilalia. Mwaka 2015 Mei Xiang alizaa mapacha akakataa kubadilishana. Kile kidogo kilikufa siku chache baadaye kwa nimonia iliyotokana na chakula kuingia mapafuni. Chupa yenye tundu kubwa, au mtu mwenye haraka, vinatosha kuleta hilo. Kitoto kinyonyeshwe kikiwa kimelala kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, na kikikohoa chupa iondolewe papo hapo.

Nimalizie na Vienna. Mwaka 2016 Yang Yang wa bustani ya wanyama ya Schönbrunn alizaa mapacha na kuwalea wote wawili bila mkono wa mtu. Hawakumbadilishia, walimwangalia kwenye kamera, wakaona anaweza, wakamwacha. Naomba waliozoea kukimbilia inkubeta wautazame mfano huo.

---

Bamburi

Nimesoma yote na nakubaliana na ufundi. Nije kwenye haki, maana Msitu Mnene kauliza waziwazi na anastahili jibu la wazi.

Porini mtoto hukaa na mama mwaka mmoja na nusu, wakati mwingine hadi miwili, na mama haingii kwenye joto akiwa ananyonyesha. Kwa hiyo porini jike huzaa kila baada ya miaka miwili hivi. Vituo vilivyotaka mtoto kila mwaka vilimtoa mtoto akiwa na miezi minne hadi sita, vikamweka na wenzake wa rika lake kwenye kundi la kulelea, na mama akaingia kwenye joto mwaka uliofuata. Kwenye takwimu inapendeza. Kwa mnyama, mtoto huyo hakuonyeshwa namna ya kuchagua mianzi, kupanda mti akisikia hatari, wala kusoma hasira ya panda mkubwa. Halafu akifika miaka sita au saba hajui kupanda jike, nasi tunamletea kifaa cha umeme. Tatizo la dume asiyejua kazi yake, alilolieleza Mhimilishaji, kwa sehemu kubwa tumelitengeneza wenyewe kwenye chumba cha kulelea.

Kuhusu nusukaputi, tusiichukulie kama sindano ya chanjo. Kou Kou, dume wa bustani ya Kobe, Japani, alikufa Septemba 2010 akiwa bado chini ya athari za dawa baada ya kutolewa mbegu. Oktoba 2024 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi uliotumia nyaraka za ndani, zikieleza panda waliojeruhiwa katika harakati za kuwazalisha. Hatari hiyo inaweza kukubalika mara moja kwa mnyama mwenye nasaba adimu. Kwa mnyama ambaye ndugu zake wamejaa kila kituo, ni ya nini?

Tuseme na fedha, kwa kuwa zinasukuma mengi. Mkataba wa kawaida na bustani za nje ni miaka 10, na kwa Marekani ada imekuwa hadi dola milioni 1 kwa mwaka kwa jozi. Mtoto akizaliwa ni mali ya China na hurudishwa baada ya miaka michache. Tangu 1998 Marekani hairuhusu panda kuingia mpaka ionyeshwe kwamba mkopo huo unawafaa panda wa porini. Kanuni ni nzuri. Lakini kitoto huvuta wageni kwenye lango la bustani kuliko panda watu wazima wawili wanaotafuna mianzi, na shinikizo hilo humshukia jike moja kwa moja. Bila fedha za lango mambo huwa magumu: Ähtäri ya Finland ilijenga makao ya zaidi ya yuro milioni 8, ikapokea panda wawili mwaka 2018, na Novemba 2024 ikawarudisha kwa kushindwa gharama, kabla ya nusu ya mkataba wake, ambao ulikuwa wa miaka 15.

Mimi nasema hivi. Jike asitenganishwe na mtoto kabla ya mwaka na nusu, labda maradhi yalazimishe. Asihimilishwe ikiwa dume anayefaa na anayempenda yuko karibu. Na kila anayelazwa iandikwe kwanza sababu ya nasaba, si ya kalenda ya bustani.

---

Kihansi Juu

Bamburi, moyo wako nauona, na kwenye suala la kutenganisha mama na mtoto niko nawe. Ila umepita juu ya sababu ya kuwa na panda vizimbani.

Hesabu ya nne ya kitaifa, iliyofanywa kati ya 2011 na 2014, iliwakuta panda 1,864 porini, wamegawanyika katika vikundi 33 vilivyotengwa na barabara, mashamba na mabonde yenye watu. Kikundi chenye wanyama wachache hakihitaji jangili ili kitoweke, mianzi ikichanua na kukauka kwa pamoja, au wakizaliana ndugu kwa ndugu, inatosha. Mei 2008 tetemeko la Wenchuan liliubomoa Wolong kwa dakika chache, panda mmoja akafa na wengine wakahamishwa. Mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015 distempa ya mbwa, ugonjwa wa virusi, iliingia kwenye kituo cha Shaanxi na kuua panda kadhaa. Funzo ni mawili: akiba ni lazima iwepo, na isikae kwenye kapu moja. Mbwa na paka wa mitaani wasikaribie, na chanjo ya distempa iwe ya aina isiyobeba virusi hai vya ugonjwa wenyewe, kwa kuwa chanjo hai ya kawaida ya mbwa inaweza kumwua mnyama wa pori.

Akiba haipimwi kwa vichwa. Pan Pan, dume aliyekufa Desemba 2016 akiwa na miaka 31, aliacha kizazi cha zaidi ya 130, karibu robo ya panda wote wa vizimbani wakati huo. Dume hodari akiachwa apande kila msimu, baada ya vizazi vichache kila jozi unayoipanga ni binamu. Ndiyo kazi ya daftari la nasaba: kwa kila mnyama hukokotolewa wastani wa undugu wake na wengine wote, na mwenye wastani mdogo hupewa nafasi ya kwanza kuzaa. Hapo ndipo mirija iliyogandishwa ina thamani, hasa ya wanyama waliookolewa kutoka porini.

Je, daftari linagongana na hiari ya mnyama? Si lazima. Utafiti uliofanywa Bifengxia, kituo cha Ya'an, na kuchapishwa 2015 uliwaweka panda kati ya majirani wawili na kuangalia nani anamwelekea nani. Jozi zilizopendana pande zote mbili zilipandana na kupata watoto kwa kiwango cha juu sana kuliko zisizopendana. Njia ya kuunganisha ni rahisi kuisema: daftari litoe madume wawili au watatu wanaokubalika kinasaba, jike achague kwa pua na sauti yake. Inahitaji mabanda yanayopakana na milango mingi, kwa hiyo bustani yenye jozi moja tu haiwezi. Hii ndiyo sababu yangu ya kusema kwamba jozi za mkopo zilizotawanyika duniani ni mahali pabaya pa kuzalishia, hata wahudumu wake wakiwa bora. Ying Ying na Le Le wa Hong Kong walijaribiwa karibu miaka kumi ndipo wakapandana, Aprili 2020, bustani ikiwa imefungwa bila wageni. Mapacha wao walikuja Agosti 2024, Ying Ying akikaribia kutimiza miaka 19.

---

Msitu Mnene

Hapo nimeelewa. Basi niulize lile la mwisho tena: kurudishwa msituni. Waliorudishwa hawajafika hata 20. Kwa nini?

---

Kihansi Juu

Kwa sababu wa kwanza alikufa, na kifo chake kilibadilisha mpango mzima. Xiang Xiang, dume, alizoezwa karibu miaka mitatu akaachiwa Aprili 2006 karibu na Wolong. Mwanzoni mwa 2007 alikutwa amekufa, ameumia kwa kuanguka baada ya kupambana na madume wa porini. Alikuwa amelelewa na watu, kisha akafundishwa msitu ukubwani. Hakuwa na nafasi.

Njia ya sasa inaanzia kwa mama. Jike mwenye mimba au mtoto mchanga huwekwa kwenye msitu uliozungushiwa uzio huko Hetaoping, ndani ya Wolong, na mtoto hujifunza kwake. Mtunzaji akilazimika kuingia kumpima huvaa vazi la panda lililopakwa mkojo na kinyesi cha panda, na hazungumzi. Wakikua huhamishiwa uzio mkubwa zaidi, juu zaidi mlimani. Hujaribiwa kwa sanamu ya chui yenye sauti na harufu ya chui: anayepanda mti haraka amefaulu, anayekuja kunusa anabaki. Tao Tao, aliyezaliwa 2010, alipita njia hiyo akaachiwa kwenye hifadhi ya Liziping, Sichuan, Oktoba 2012 na kola ya GPS. Xue Xue aliachiwa 2014 akafa baada ya wiki chache tu, kwa hiyo hata njia bora haina dhamana.

Liziping ilichaguliwa kwa kuwa kikundi chake cha porini ni kidogo, nafasi ipo na madume wenye eneo ni wachache. Majike hupendelewa: kwa panda wao ndio huhama kutoka eneo la kuzaliwa, na mgeni jike hapigwi kama mgeni dume. Na kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi, ya kumpeleka jike wa kizimbani apandwe na dume wa porini kisha arudi kuzaa. Cao Cao alifanya hivyo Wolong mwaka 2017 na kuzaa Julai mwaka huohuo. Damu mpya inaingia bila kumnasa mnyama yeyote wa porini na bila umeme.

---

Bamburi

Kwa wenzetu wa huku, mifano miwili inafaa kuwekwa kando ya hii. Vyura wa Kihansi: mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini, 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao. Kuwazalisha nje ndiko kulikoacha chochote cha kurudisha. Na Najin wa Ol Pejeta, mmoja wa majike wawili waliobaki wa kifaru mweupe wa kaskazini: mwaka 2021 timu iliyokuwa ikimvuna mayai ilipima umri wake, uvimbe aliokuwa nao na mayai machache aliyotoa, ikaamua asilazwe tena, abaki kuwa mlezi wa wenzake. Aina nzima ilikuwa imebakiza wawili, na bado ilionekana kuna wakati wa kusema basi. Panda wana mamia. Kituo cha panda kisicho na kigezo cha maandishi cha kumpumzisha jike, kwa umri, kwa idadi ya kulazwa na kwa afya ya kizazi, hakina kisingizio.

---

Mhimilishaji

Naongeza vigezo hivyo kwa vitendo, kwa anayeviandaa. Kwa jike: mara mbili za kulazwa kwa msimu ziwe kikomo. Mimba bandia ikijirudia misimu miwili baada ya uhimilishaji, achunguzwe kizazi kwa altrasaundi kabla ya msimu wa tatu. Akizaa, msimu unaofuata hagusi dume. Kwa dume: mirija ikishatosha kwenye benki na nasaba yake ikishawakilishwa na watoto wanaoishi, asilazwe tena kwa ajili ya mbegu, labda analazwa kwa matibabu mengine. Daktari wa ganzi awe na mamlaka ya kusimamisha kazi bila kumwomba mtu ruhusa, na tumbo tupu lihakikishwe na mtu aliyelala hapo usiku kucha, si kwa kuandikwa kwenye fomu tu.